Mtani Aliyenyamaza Kaburini

Mitundu
8 Julai 2024

Kaka Mchungaji Emilian,

Bwana Yesu asifiwe. Nilifika salama, mavumbi tu ndiyo yamenikausha koo. Evodia wangu amejifungua mtoto wa kiume. Ni mdogo, ila sauti aliyonayo ni ya mtu wa mnadani. Mama yake ndiye hana nguvu, damu ilimpotea nyingi, akisimama anaona giza. Kwa hiyo sirudi karibuni kama nilivyowaaga.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu unajua mwenyewe. Tangu nilipougua ile homa, nikiweka simu sikioni nasikia nyuki tu. Na simu ya hapa ni ya mkwe. Nitaanzaje kumwambia mkwe aniandikie mambo ya ndani ya nyumba yangu? Mkwe ni mkwe. Barua hii nampa Nathan, kondakta wa basi la Itigi, naye ukimpa ya kwako ataniletea.

Shida yangu ni huyu shemeji yako, mtani wako Antipasi. Nimemwacha peke yake na baiskeli zake za kutengeneza. Kabla sijaondoka alikuwa anasema kifua kinambana akijaza upepo kwenye matairi. Nikamwambia aende zahanati. Akanijibu eti Mnyamwezi hawezi kufia kwa Wanyiramba, maana watamzika na mboga yao ya mlenda badala ya udongo. Ndivyo alivyo, hana jibu la maana.

Nakuomba umchungulie. Lakini usibabaishwe na maneno yake. Mimi nimeishi naye hadi nywele zimebadilika rangi: akisema anakufa, ujue ni mzima, anatafuta mtu wa kucheka naye. Akinyamaza ndipo ushtuke.

Mtoto tutamleta Misigiri Evodia akipata nguvu. Umbatize wewe, babu yake amshike. Hilo tumeshakubaliana wote.

Msalimie mkeo Yunisi na kundi lote la Bwana.

Dada yako,
Febronia


Misigiri
Jumamosi, 13 Julai 2024, jioni

Mama Evodia, dada yangu,

Amani ya Bwana ikae kwako, kwa Evodia, na kwa huyo mgeni wa mnadani. Barua yako niliipokea jana nikaisoma palepale kituoni nimesimama. Yunisi akasema, "Baba Mchungaji, siku hizi unasoma barua za wake za watu barabarani?" Tukacheka, kisha tukaingia ndani tukapiga magoti kwa ajili ya damu ya Evodia. Mpe matembele, na maini kama yanapatikana.

Leo nimechoka mpaka kalamu inanikimbia mkononi. Ila Nathan anapita alfajiri, nimesema nisilaze kichwa bila kukujibu. Acha nikusimulie siku yangu, labda utacheka kidogo huko uliko.

Asubuhi sijanawa uso, Chrispin wa kwaya huyu hapa mlangoni. Akina mama wa sauti ya kwanza wamegoma, hawaimbi harusini kama sauti ya pili ndiyo itasimama mbele. Nikaenda. Nikawaambia, "Jamani, mbinguni hakuna mstari wa mbele." Mmoja akanijibu, "Sawa Mchungaji, huko mbinguni tutasimama nyuma. Hapa Misigiri tunasimama mbele." Nikawapanga wote mbele, bega kwa bega.

Kutoka hapo nikaenda kumzika Bibi Damari, yule mama wa bondeni aliyekuwa akiombea mvua. Vijana walichimba kaburi wakakutana na jabali. Wakahamia pembeni, jabali tena. Mawe ya nchi yetu unayajua. Tukakaa na jeneza juani, tukaimba nyimbo zote tunazozijua, tukazirudia. Nilipomwaga udongo wa mwisho, watu wa harusi walikuwa wameshatuma mtu mara tatu.

Nikafika harusini viatu vina udongo wa makaburini. Bwana harusi amelowa jasho, bibi harusi amefungiwa ndani. Shangazi yake amekaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, anasema hapiti mtu mpaka aone khanga aliyoahidiwa. Nikamwambia, "Mama, hata mimi?" Akasema, "Wewe pita, ila ukitoka naye nakufungia na wewe humo." Yunisi ndiye aliyetuokoa, akavua khanga yake ya mabegani akampa.

Sasa sikiliza ya mumeo. Tumetoka kanisani, tumekaa tunakula, anakuja Paskali jirani yenu. Ananiita mbele ya meza nzima, "Mchungaji, nimetumwa na Antipasi. Anasema amekufa, uende ukamzike kabla jua halijazama. Na uende na nyama ya harusi." Watu wakaangua kicheko. Mimi kwa vile ulishaniandikia, nilifurahi kusikia hivyo. Nikajisemea, huyu ni mzima.

Nikampa Paskali jibu. Nikasema, "Mwambie huyo Mnyamwezi leo nimeshazika mmoja, wa pili apange foleni. Babu zake walibeba mizigo ya watu kwa miguu toka Tabora mpaka pwani, yeye atashindwa kusubiri mpaka kesho? Na mwambie ajikaushe vizuri, asituharibie hewa ya kijiji." Dada, walicheka hata shangazi wa kizingitini. Paskali akaenda zake na jibu hilo.

Baada ya hapo nikaitwa kwa mzee mmoja na mkewe, wamenuniana, kila mmoja anapika chungu chake. Nimekaa nao mpaka wakala sahani moja. Ndipo nimerudi.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nyama yake Yunisi ameshaiweka pembeni. Kesho ibada ikiisha nampelekea mwenyewe, na matusi juu. Kwanza nitamwona asubuhi akipiga kengele ya kanisa kama kawaida yake.

Ndugu yako na mtumishi wako,
Emilian


Misigiri
Jumapili, 14 Julai

Nathan,

Nimekupigia simu, hupatikani. Nampa karatasi hii dereva wa lori la alizeti, ameniambia mtakutana mizani.

Ile bahasha niliyokupa alfajiri ya kwenda kwa Mama Evodia, Mitundu, usiifikishe. Nakuomba sana, mwanangu. Irudishe kwangu. Kama umeshamwachia mtu, umwambie asiipeleke.

Antipasi fundi baiskeli amefariki. Mkwe wake ameshapigiwa, ila mama ameambiwa tu mgonjwa amezidiwa. Akipanda basi lenu, usimwambie neno. Mpe siti ya mbele.

Mch. Emilian


Mitundu
27 Julai 2024

Mchungaji,

Nimerudi kwa Evodia. Nimerudi mapema, najua watu watasema mjane gani huyu anayeacha matanga, lakini mwanangu alikuwa kitandani bado, na wa kumwosha mtoto hakuna. Marehemu ana Mungu. Mtoto ana mimi.

Nashukuru kwa yote mliyofanya. Jeneza lilikuwa zuri. Yunisi alilala na mimi chini siku zote, hilo sitalisahau. Hata mlivyonidanganya kwamba amezidiwa tu, nawashukuru. Nilipoona watu wamejaa mpaka kwenye banda la baiskeli nilielewa.

Lakini kuna jambo nikilinyamazia litanioza. Kwa nini hukutania?

Mume wangu alikuja nchi yenu kijana. Kila msiba wa Mnyiramba aliwafanyia kazi yake ya mtani. Kwa mama yako mzazi, Mchungaji, si yeye aliyeruka akalala kaburini akasema hatoki mpaka apewe jogoo, mkacheka na machozi yanawatoka? Si yeye aliyevaa kitambaa cha marehemu akaiga mwendo wake, mpaka baba yako akasema, "Sasa nimepumua"? Na kila siku mlikuwa mkiahidiana. Yeye akifa, utamwambia maneno ambayo watu watayasimulia mpaka Tabora.

Siku ile ilipofika, watu wote walikutazama wewe. Mimi sisikii vizuri, ila macho ninayo. Niliona wanakutazama. Ulisoma neno, ukatupa udongo, ukarudi nyuma ya wachungaji wageni, ukainama. Basi na wengine wakaogopa kukutangulia. Antipasi amezikwa kimya katika nchi ya watani wake, kama mtu aliyeokotwa barabarani.

Nilidhani umeona aibu mbele ya wale wageni na majoho yao. Kama ni hivyo niambie tu. Kama alikukosea kitu, niambie pia. Mimi huku nawaza, sipati jibu.

Febronia


Itigi
30 Julai

Mchungaji, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Siku ile bahasha nilikuwa nimeshamwachia wakala wa Itigi kabla yule wa lori hajanipata. Wakala akaiweka kwenye droo, gari la Mitundu lilikuwa halijaja. Kisha yeye akasafiri na ufunguo. Leo amerudi ndiyo hii hapa, haijafunguliwa wala kuguswa. Nakurudishia pamoja na barua nyingine ya mama mwenyewe.

Poleni tena na msiba. Aliniwekea mnyororo wa baiskeli mara nyingi, mara nyingine anakataa hela, anasema kwa utani kwamba badala yake ataniombea laana.

Nathan


Misigiri
2 Agosti 2024

Mama Evodia,

Sina salamu ndefu leo. Mungu akutie nguvu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Niliiandika Jumamosi tarehe kumi na tatu, jioni, nikampa Nathan alfajiri yake. Nilijaribu kuizuia isikufikie na kweli haikukufikia. Jana imerudi mikononi mwangu, pamoja na barua yako yenye swali.

Nimekaa nayo jana yote. Yunisi aliiona, akasema, "Baba, itie jikoni. Mjane ana mzigo wa kumtosha, unamwongezea wa nini?" Ni mwanamke mwenye huruma na siwezi kusema amekosea. Nimesogea jikoni na bahasha hii mkononi. Makaa yalikuwa yanawaka vizuri. Lakini umeniuliza kwa nini sikutania, dada, na jibu limo humo. Nikiichoma nitalazimika kukupa jibu lingine, na lingine lolote nitakalokupa litakuwa uongo. Ningekuandikia kwamba nilizidiwa na huzuni. Ungeniamini. Ungenionea hata huruma.

Kabla hujaifungua, nikueleze yaliyotokea baada yake.

Jumapili kengele haikulia. Unajua alivyokuwa, ile rimu ya lori aliipiga hata akiwa na homa, anasema Wanyiramba bila kelele hawaamki. Saa ilipofika, kimya. Watu wakaja mmojammoja, wanauliza kama ibada ipo. Mimi nikacheka. Nikawaambia, "Mnyamwezi amenuna, jana nilimnyima nyama." Nikavua joho nikasema nakwenda kumwamsha. Na njiani, dada, nilikuwa napanga matusi ya kumwamshia. Nilikuwa nayo mazuri. Nikaingia naongea peke yangu.

Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, shati amelivaa na viatu amevaa, kama mtu anayetaka kutoka au anayengoja mgeni. Mkono mmoja kifuani. Nilimwita kwa jina la utani, kisha kwa jina lake. Ameshapoa.

Sikumwambia mtu nilichojibu siku ya harusi, lakini walikuwepo, walisikia, walicheka pamoja nami. Hakuna aliyenilaumu. Mzee mmoja akaniambia, "Mchungaji, ule ulikuwa utani, Mungu anaujua utani." Labda anaujua. Mimi nilipokuwa nimesimama juu ya kaburi, maneno ya utani niliyokuwa nayo kinywani ni yale yale niliyomtumia Paskali. Apange foleni. Ajikaushe. Hakuna mengine yaliyokuja. Ningefungua mdomo, hayo ndiyo yangetoka, na wewe umesimama pale. Hapakuwa na aibu ya wageni, wala Antipasi hakunikosea kitu.

Siku ile nilipatanisha kwaya, nikazika, nikaozesha, nikawalisha wazee wawili sahani moja. Kila aliyeniita nilimwendea. Aliyeniita kwa utani ndiye nilimwahirisha, kwa sababu ni wangu, nikaona wangu atasubiri. Toka kwenye ile harusi mpaka kwenu ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja.

Sasa soma. Ukimaliza, amua. Kama hutaki tena kupokea meza ya Bwana mkononi mwangu, nitamwomba mchungaji wa jirani awe anakuja, na sitamweleza mtu sababu. Kama mtoto hutaki nimguse, nitaelewa. Mimi nitaendelea kuwaombea hata kama sisikiki.

Emilian


Mitundu
14 Agosti 2024

Mchungaji,

Nilipokea bahasha zako mbili. Ya pili niliisoma kwanza, kisha nikakaa na ile ya kwanza kwenye upindo wa khanga mpaka Evodia akaniuliza nimefunga nini humo. Nikaisoma nje, nyuma ya nyumba.

Nilicheka, Mchungaji. Nianze na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nilifika kwa yule shangazi wa kizingitini nikacheka kwa sauti, jirani akachungulia. Kisha nikafika kwa Paskali.

Nilikuchukia. Sitakuficha, wewe hukunificha. Siku nne sikuweza kuomba, maana nikifumba macho kuomba naiona sura yako ikicheka na nyama mdomoni. Nikasema barua ile ungeitia jikoni kama Yunisi alivyokuambia. Nikamchukia na Yunisi kwa kuwa hakukushinda nguvu.

Kisha nikakumbuka mkono ulioandika barua ya kwanza kabisa. Ni huu huu. Nani alikuambia akisema anakufa ni mzima? Miaka yote nilijiona namjua kama kiganja changu. Nilikupa ufunguo wa mume wangu, na ufunguo wenyewe haukuwa wa mlango ule. Hilo sikuandikii ili upumue. Nakuandikia kwa sababu ni kweli, na mzigo huu siwezi kuubeba wote wala kukuachia wote.

Nilitaka kujua neno moja tu, kwamba jibu lako alilipokeaje. Nikavunja mwiko, nikamwomba mkwe wangu ampigie Paskali, aulize, aniandikie kwenye karatasi kila kitu bila kupunguza. Maskini mkwe aliandika huku jasho linamtoka.

Paskali anasema alimkuta amekaa kitandani. Alipomwambia maneno yako, Antipasi alicheka sana, akashika kifua, akakohoa, akacheka tena. Akasema, "Huyo mla mlenda anakuja. Akimaliza kula atakuja." Paskali akamwuliza kama amwitie mtu mwingine, wa zahanati au nani. Akakataa. Akasema mtani wake yuko njiani. Akaomba shati lake na viatu, asije akakutwa amelala kama maiti ukapata la kusema. Paskali alipokuwa anatoka alitaka kuvuta mlango, upepo ulikuwa mkali. Akamwambia, "Uache wazi. Emilian hana adabu ya kubisha hodi."

Basi Paskali akauacha.

Siwezi kukufariji kwa kicheko chake. Nilijaribu, nikajaribu pia kujifariji mwenyewe. Alicheka kwa sababu alikuamini, na hilo linapooza na kuchoma kwa wakati mmoja, sijui niliweke wapi. Wewe ndiye msomi wa Neno, labda unajua pa kuliweka. Mimi sijui.

Mtoto amebatizwa hapa Mitundu Jumapili iliyopita. Tumemwita Antipasi. Nilimshika mimi. Sikukuita, na sikuona vibaya kutokukuita. Lakini maji yalipomgusa akapiga ile kelele yake, nilitamani kidogo kwamba ungesikia.

Meza ya Bwana sitapokea mkononi mwako kwa sasa. Usimwite mchungaji wa jirani. Mimi nitakaa benchi la nyuma na nitakapokuwa tayari nitasimama mwenyewe. Usinitazame kila Jumapili kuona kama nimesimama.

Na utani usiuache. Nimesikia kwa mkwe kwamba kulikuwa na msiba wa Mnyamwezi mwingine huko na ulikataa kusema kitu. Usifanye hivyo. Watu wa kwetu wasizikwe kimya wote kwa sababu yako na yangu.

Evodia ameanza kutembea hadi kisimani. Narudi Misigiri mwisho wa mwezi. Usije kituoni kunipokea, mtume Yunisi. Usije nyumbani kunipa pole, sitaweza kukutazama ukiingia kwenye mlango ule. Mimi ndiye nitakayekuja kwako. Sijui ni lini. Inaweza kuwa wiki hiyo, inaweza kuwa mvua zikishaanza. Nitakuja kwa miguu yangu, bila kutuma mtu.

Siku hiyo, Emilian, hata kama una harusi na una maiti, nikibisha hodi ufungue.

Febronia